GRISI YA WAIPA NI YA NANI?



Madereva wetu wa njia ya Lodwar, Kakuma, Lokichoggio mpaka Nadapal huchekwa wakitaja habari ya waipa. Huulizwa, "Turkana kuna mvua gani?" Ni kweli, Lodwar hupata kiasi cha milimita 200 tu kwa mwaka. Lakini ukavu wenyewe ndio unaoharibu waipa. Miezi yapita haziguswi. Vumbi laini laingia chini ya kioo, lachanganyika na grisi ya zamani, likawa gumu kama saruji. Siku mvua ikishuka na laga kama Tarach kujaa, dereva awasha waipa, nazo hazisogei. Fyuzi yakatika au mota yaungua. Haoni barabara, haoni ukingo wa laga, na nyuma yake wamo watu.

Kuzuia hatari hii si kazi ngumu. Washa waipa, kisha zima, ili zirudi mahali pake. Tia alama kwenye kioo, halafu fungua waya hasi wa betri. Fungua nati, toa mikono ya waipa na kifuniko kilicho chini ya kioo, uondoe mchanga na majani. Vyuma viwili vinavyozungusha mikono, na maungio ya fito zinazosukumwa na mota, visugue kwa brashi yenye mafuta ya taa kidogo. Pangusa mpaka vikauke, kisha tia grisi mpya kidogo tu, kwani grisi nyingi hunasa vumbi. Mpira wa waipa usiguswe na grisi wala mafuta ya taa. Uoshe kwa maji na sabuni. Wala usiwashe waipa juu ya kioo kikavu chenye mchanga, utakikwaruza.

Kazi hiyo ni ya saa moja. Basi saa hiyo ni ya nani? Wengi wetu huifanya nyumbani siku ya Jumapili, kwa grisi tuliyonunua wenyewe, bila senti moja. Tajiri akiona gari ni zima hushukuru kimya; likiharibika, lawama ni ya dereva.

Sisi twasema jambo hili si haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze mitambo ya kazi iwe salama. Sheria hiyo hiyo yamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Kwa hiyo kila upande una wajibu wake.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, kila gari liwe na kopo la grisi na brashi kwa gharama ya mwenye gari. Pili, saa moja kila mwezi itengwe kwa kazi hii ndani ya saa za malipo. Tatu, dereva akiandika kwamba waipa ni mbovu, asilazimishwe kuondoka kabla hazijatengenezwa.

Nasi wanachama tusingoje mawingu. Kagua waipa leo. Ukiona ubaya, andika barua, weka nakala, mwonyeshe mjumbe wako wa chama. Maneno ya mdomo hupotea kama vumbi la njiani.

Umoja ni nguvu.