Djugu: Batri ya tatu imekufa, wakimbizi bado wanasukuma gari la wagonjwa

Saa kumi na moja asubuhi, kando ya kambi moja ya wakimbizi wa vita katika eneo la Djugu, jimboni Ituri, wanaume wanaamshwa usingizini. Safari hii si risasi. Wanaitwa kusukuma gari la wagonjwa. Ndani amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa, na gari limekataa kuwaka.

Wakubwa wa kituo cha afya wanasema yale yale waliyosema mara mbili zilizopita: batri imekufa, iombwe ingine. Hii ni ya tatu kwa mwaka mmoja. Dereva ameitwa mzembe, muuzaji wa batri ameitwa mwizi. Hakuna aliyeuliza umeme unakwenda wapi usiku, gari likiwa limezimwa.

Ni aibu, maana swali hilo lina jibu. Gari lililolala linakunywa umeme kidogo tu, kwa kawaida chini ya miliampea 50. Ikivuja ampea 1 usiku na mchana, batri ya ampea-saa 70 inakauka kwa siku tatu hivi, na gari linashindwa kuwaka mbele ya hapo. Tena batri inayokaushwa mara kwa mara inaharibika kweli. Ndiyo sababu kila mpya inafuata njia ya ile ya zamani.

Na gari hilo linajulikana. Redio ya mawasiliano imefungwa moja kwa moja kwenye batri, haipiti kwenye ufunguo. Kuna kifaa cha kuchajia simu ambacho taa yake haizimiki. Mlango wa nyuma haufungi vizuri, basi taa ya ndani inawaka mpaka asubuhi. Kila aliyepita aliongeza waya wake, akaenda zake.

Kazi ya kutafuta ni ya asubuhi moja. Kwanza batri ichajiwe, ifunguliwe waya, ilale usiku mzima peke yake. Ikiamka na volti 12.6 au karibu, si yenye kosa. Kisha kila kitu kizimwe, fundi angojee nusu saa, afungue waya wa hasi na kuweka multimeta, kwenye kipimo cha ampea 10, kati ya waya huo na batri. Mtu asiguse ufunguo wakati huo, kipimo kitaungua. Fyuzi zichomolewe moja moja. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Namba isiposhuka, waya zilizofungwa moja kwa moja kwenye batri zifunguliwe, na altaneta pia, kwani diodi zake zikiharibika zinavujisha.

Wengine wanashauri waya wa batri ufunguliwe kila jioni, ao gari liegeshwe kwenye mtelemko. Kwa gari la mfanyabiashara, sawa. Lakini dereva wa wagonjwa atafute spana gizani, mama akivuja damu? Na hao wanaosukuma, wengi wamelala njaa. Hawakukimbia vijiji vyao ili wawe sitata ya gari la serikali.

Barua ya kuomba batri ya nne imekwisha kuandikwa. Multimeta inauzwa sokoni Bunia, kwa bei ndogo sana kuliko batri. Mpaka sasa haijanunuliwa.