Kijana, kibao cha biashara si cha msimu mmoja

Simama stendi ya Moi's Bridge saa nane mchana, uangalie barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Utahesabu mabango ambayo hayasemi kitu tena. Moja lilikuwa la kinyozi. Imebaki picha ya kichwa cha rangi ya samawati. Jingine ni la mama wa chakula. Bei ya chapati ilifutika zamani. Lingine limechomoka kona mbili na linapigapiga ukuta kila upepo ukivuma. Wenyewe wako ndani wanachapa kazi, lakini ukipita na matatu utaapa walifunga kitambo.

Nayajua haya kwa sababu yalitupata nyumbani. Dadangu alipofungua duka la mbegu na dawa za mifugo, alitumia pesa za chama. Mimi ndiye niliyejifanya mjuaji wa mambo ya matangazo. Nilienda Eldoret, nikamchapishia bango la turubai la plastiki, mita mbili kwa moja, kwa Sh1,800. Lilikuwa linang'aa! Jina la duka kwa herufi nyekundu, ng'ombe mkubwa kando. Tulilitundika Februari, kabla watu hawajaanza kupanda.

Kufikia Septemba, ule wekundu ulikuwa umegeuka waridi, kisha ukawa kama maji ya chai. Mzee mmoja, mteja wetu wa mwanzo kabisa, aliingia siku moja akashangaa: "Kumbe mko? Mimi nilidhani mlifunga, nimekuwa nikinunua dawa Matunda." Huyo ni mteja mmoja aliyerudi akatuambia. Wale ambao hawakurudi hatutawahi kuwajua.

Tulibadilisha bango mara mbili zaidi ndani ya miaka miwili. Piga hesabu: mara tatu kwa Sh1,800 ni Sh5,400, bila nauli ya Eldoret. Mwishowe tulimwendea fundi wa hapa hapa mjini. Akatuundia kibao cha mabati chenye fremu ya chuma, akaandika kwa brashi na rangi ya mafuta. Alitutoza Sh6,500. Huu ni mwaka wa tatu na kila herufi bado inasomeka. Mabango yale matatu? Mamangu anaanikia mahindi.

Kwa hivyo wacha niseme wazi: kijana anayeanza biashara na kutundika bango la turubai kama kibao cha kudumu anajiibia mwenyewe. Si ati turubai ni mbaya. Ni nzuri kwa harusi, harambee, mahafali, hata kwa wanasiasa watakaojaza barabara nyuso zao kuelekea kura ya 2027. Shughuli ya wiki mbili inataka kitu cha wiki mbili. Duka lako si la wiki mbili.

Kuna sababu za kisayansi, tena huku kwetu zina makali zaidi. Tuko karibu na ikweta na tuko juu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko chini yake kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linasema miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Hewa yetu ni baridi, kwa hivyo tunadhani jua letu ni pole. Ngozi haihisi, lakini plastiki na wino vinahisi. Miale hiyo huvunja chembe za rangi, na kwa kawaida nyekundu na manjano ndizo hutangulia kupotea. Ndiyo maana picha za zamani barabarani zote zimebaki samawati. Plastiki nayo hukauka na kupasuka. Halafu kuna mvua inayoanza Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi, na kiangazi kinacholeta upepo na vumbi la malori ya mahindi. Vishimo vya kamba kwenye kona havistahimili.

Sasa utumie nini? Inategemea mfuko wako na mahali pa kutundika.

Mabati ni mazuri, ila yana masharti. Mabati mapya yana zinki juu, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja hubanduka kama ganda la kitunguu. Mwambie fundi aanze na rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati mapya. Kutu nayo huanzia pale palipokatwa, palipotobolewa na palipochomelewa, kwa hivyo sehemu hizo zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kitu kingine chochote. Fundi akikwambia si lazima, tafuta fundi mwingine.

Plaiwudi ni rahisi kufanyia kazi, lakini maji huingilia kwenye kingo na mbao zikafura. Ikibidi, ziba kingo zote kwa rangi na uitundike chini ya baraza. Ukiwa na pesa kidogo, kuna zile bodi za alumini, mabamba mawili membamba yenye plastiki katikati. Ni nyepesi na hazishiki kutu kama chuma. Lakini sikiliza: bodi inaweza kudumu miaka mingi huku stika uliyobandika juu yake ikififia mapema. Ulizia aina ya stika, na ulizia kama imefunikwa kwa utando wa kukinga jua.

Na kama huna pesa kabisa, una ukuta. Umewahi kujiuliza kwa nini kampuni kubwa za simu na soda, zenye pesa za kununua kitu chochote, hupaka maduka ya mitaani rangi zao? Rangi kwenye ukuta uliopigwa lipu vizuri inadumu na hakuna anayeweza kuiba ukuta. Shida ni kwamba ukikubali kupakiwa bure, jina lao litakuwa kubwa na lako litafinywa kwenye kona. Afadhali ununue debe lako la rangi uandike jina lako.

Nimetaja kuiba kwa sababu kuna wenzetu wanaosema, kwani nitundike chuma kibebwe usiku? Hofu hiyo ina msingi. Hata alama za barabarani hung'olewa nchini zikauzwa kama vyuma vikuukuu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo nchi nzima, ingawa iliruhusiwa tena miezi michache baadaye. Lakini jibu si kurudi kwenye turubai. Chomelea nati ili zisifunguke, tundika juu ambapo mkono haufiki, au rudi kwa ukuta.

Najua pingamizi lingine: mtaji uko wapi? Kijana amekopa, amelipa kodi ya nyumba na leseni ya kaunti, zimebaki elfu mbili. Naelewa. Lakini basi punguza ukubwa, usipunguze ubora. Kibao kidogo chenye jina na kazi yako kwa herufi nene kinashinda bango kubwa lenye picha kumi na namba tatu za simu. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, inameza mita 22 kila sekunde. Abiria ana muda wa kusoma maneno matatu, manne ukiwa na bahati.

Wengine watasema kizuri chajiuza. Sawa, lakini chajiuza kwa anayejua kiko wapi. Na kibao cha zahanati kikifutika, yule mgeni anayetafuta daktari usiku hatasaidiwa na methali.

Kwenu vijana wenzangu mnaochapisha mabango: mwambieni mteja ukweli. Kama kazi itadumu miezi sita juani, sema miezi sita. Ukimuuzia mama mboga kitu cha msimu mmoja ukijua anataka cha miaka mitano, huo si ujanja wa mjini, ni kumla mwenzako.

Na kwa wanaotafuta kazi: yule mzee aliyetuandikia kibao anafanya kazi peke yake. Hana mwanafunzi hata mmoja. Ana oda za mpaka mwezi ujao, na mkono wake umeanza kutetemeka. Kuna ufundi hapo unaosubiri mtu mwenye jicho zuri na subira. Kabla ya kupanda gari kwenda Nairobi kutafuta kazi, hebu pitia kwake kwanza.