Tusiucheke Mji wa Benidorm

Kuna mji huko Uhispania, kando ya Bahari ya Mediterania, ambao watu wengi wa Ulaya huutaja huku wakicheka. Mji wenyewe ni Benidorm. Eti ni msitu wa maghorofa! Eti wanaoutembelea ni watu wasiojua mambo mazuri, wanaotaka jua na bia ya bei nafuu basi. Mimi nasema wanaocheka wamekosea, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tuujue mji. Benidorm uko katika mkoa wa Alicante, mashariki mwa Uhispania. Una fuo mbili ndefu za mchanga, Levante na Poniente, na katikati yake kuna mwamba ulioingia baharini. Hapo juu ndipo penye mji mkongwe na kanisa lake. Hapo zamani wenyeji walikuwa wavuvi na mabaharia. Walisifika kwa kuvua jodari kwa nyavu kubwa zilizotegwa karibu na pwani. Lakini kufikia miaka ya 1950 kazi hiyo ilikuwa imedorora, na mtu hawezi kula sifa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Aliyekuwa meya wakati huo, Pedro Zaragoza, aliona kwamba jua na mchanga pia ni mali. Mwaka wa 1956 mji ukapitisha mpango wa ujenzi wenye barabara pana. Baadaye majengo yakaruhusiwa kupanda juu, mradi yaache nafasi wazi kuyazunguka. Meya huyo ndiye aliyeruhusu wageni wavae bikini wakati wa utawala mkali wa Jenerali Franco. Inasimuliwa kwamba makelele yalipozidi alipanda pikipiki yake aina ya Vespa hadi Madrid kujitetea mbele ya Franco mwenyewe. Huyo alikuwa mwanamume kweli!

Sasa tuje kwenye hayo maghorofa. Hoteli iitwayo Bali, iliyofunguliwa mwaka wa 2002, ina urefu wa mita 186. Je, huo ni ubaya? Hebu tupige hesabu. Vyumba vikipandana juu ya ploti moja, watu wengi hulala mahali padogo, na wengi wao hushuka ufuoni kwa miguu. Lakini ukitandaza majumba ya kifahari, kila moja na bustani yake na ukuta wake, kilima kizima kitakwisha, na watakaoiona bahari ni matajiri wachache. Jengo refu halipendezi macho ya kila mtu, nakubali. Hata hivyo, ndilo lililomwezesha mfanyakazi wa kiwanda kutoka Uingereza, na karani kutoka Madrid, kuoga maji yale yale anayooga tajiri. Tena tangu mwaka wa 1985 serikali ya Uhispania imekuwa na mpango wa kuwasaidia wazee kulipia likizo nje ya msimu wa joto. Wengi wao huja Benidorm. Kwa hivyo hata baridi ikifika, hoteli nyingi hazifungi milango, na wafanyakazi hawarudishwi nyumbani mikono mitupu.

Jambo kubwa zaidi ni mchanga wenyewe. Katiba ya Uhispania ya mwaka wa 1978 inasema ufuo ni mali ya umma, na sheria ya pwani ya mwaka wa 1988 ikatilia mkazo. Ukitaka kiti na mwavuli utalipa, lakini ukija na taulo lako ukalitandika mchangani, hakuna wa kukuuliza tiketi. Huko Italia, katika miji kama Rimini, sehemu kubwa ya ufuo imekodishwa kwa wafanyabiashara, na safu za viti vyao zimejaa mchanga tele. Sasa niambieni, ni mji gani wa kuchekwa?

Sisemi kwamba Benidorm ni peponi, la hasha! Mwaka wa 1978 ukame ulizidi hata maji ya kunywa yakaletwa kwa meli. Wanawake wanaosafisha vyumba vya hoteli nchini humo wameunda chama chao, Las Kellys, kwa sababu kazi ni nyingi na mshahara ni haba. Na mwaka wa 2024 watu waliandamana Mallorca, Málaga na kwingineko, wakilalamika kwamba nyumba zinakodishiwa watalii na kodi imewashinda wenyeji. Malalamiko hayo ni ya haki. Mtu anayekutandikia kitanda akikosa pa kulala yeye mwenyewe, utalii huo una kasoro. Lakini tazameni: hakuna anayelia kwa sababu ya urefu wa jengo. Wanalilia maji, mshahara na nyumba. Basi anayecheka maghorofa anacheka kitu ambacho si kosa, na makosa yenyewe anayapita bila kuyaona.

Hata sisi hapa Kenya jambo hili latuhusu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini mchanga wa umma una faida gani ikiwa njia ya kuufikia imezibwa kwa ukuta? Sheria bila njia ni kama ufunguo bila mlango.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukijaliwa siku moja kuzuru mji wa pwani, uwe Benidorm au kwingine, usianze kwa kuuliza kama unapendeza kwenye picha. Uliza mambo matatu. Je, maskini anaweza kukanyaga mchanga huu? Je, anayefagia chumba changu analipwa vizuri? Je, mwenyeji bado ana nyumba hapa? Katika swali la kwanza Benidorm umefaulu, na miji mingi mizuri imeanguka. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.