Msimsingizie Kocha

Mwandishi mmoja anadai Manchester United inaporomoka kwa sababu ya makocha dhaifu. Wamiliki, eti, wametimiza wajibu wao kwa kutoa fedha.

Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag: wote hawajui kazi? Julai 2024 uongozi ulimwongezea Ten Hag mkataba, Oktoba ukamtimua. Msimu ukaisha timu ikiwa ya 15 kwenye ligi. Aliyesaini mkataba ule hatajwi.

Na hizo fedha ni za nani? Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua klabu kwa mikopo, kisha ikaitwika klabu yenyewe deni. Riba inalipwa kwa mapato ya klabu, viingilio vya mashabiki vikiwemo. Huko ni kutoa au kuchota? Mei 2024 mvua ilimwagika kupitia paa la uwanja wa klabu, Old Trafford. Nalo alilitoboa kocha?