Rimu ya pikapu ya zamani: Pima kabla ya kulipa

WAKATI wa mavuno ya mahindi na maharage, pikapu moja iliyowekwa juu ya mawe huko Kasulu au Kibondo ni hasara ya watu wengi. Mkulima anasubiri usafiri, mfanyabiashara anakosa mzigo wa kupeleka sokoni, na mwenye gari haingizi hata senti. Wakati mwingine injini ni nzima. Kinachokosekana ni rimu moja tu.

Land Rover 109 na Land Cruiser za zamani bado zinathaminiwa vijijini kwa uimara wake. Lakini zikipasuka rimu, wengi hupoteza fedha kwa kuangalia tairi. Tairi ya 7.50-16 huvaa rimu za magari yote mawili, hivyo mnunuzi huamini kwamba rimu nazo zitaingiliana. Haziingiliani.

Land Rover 109 ina bolti 5. Land Cruiser za zamani zina bolti 6, lakini pikapu zake zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999 zina bolti 5. Kwa hiyo kuhesabu bolti hakutoshi. Chukua rula, upime kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata. Rimu ya Land Rover 109 itakupa milimita 97. Ile ya Land Cruiser ya bolti 5 itakupa milimita 88. Tofauti ni milimita 9 tu, na inatosha kuifanya rimu isiingie.

Kwa rimu ya bolti 6, pima matundu mawili yanayotazamana. Ya Land Cruiser za zamani ni karibu sentimita 14. Kisha hakikisha tundu kubwa la katikati linapita kwenye habi, rimu haigusi breki wala springi, na nati zinakaa sawasawa.

Wapo wanaopanua matundu kwa tupa au kwa moto ili rimu ikubali. Hiyo si akiba. Nati zitalegea na bolti zitakatika, pengine gari likiwa kwenye mteremko na watu wamekaa juu ya magunia.

Tupige hesabu ya mfano. Pikapu ikibeba magunia 10 kwa nauli ya shilingi 3,000 kila gunia, safari moja isiyofanyika ni shilingi 30,000. Rimu isiyofaa iliyoagizwa Mwanza, ikirudishwa na kusubiriwa nyingine, inaweza kula safari tano. Hizo ni shilingi 150,000, mbali na gharama ya kuisafirisha kwa basi kwenda na kurudi.

Tunawashauri wenye magari wanaoagiza kwa simu wataje vipimo, si jina la gari pekee, na wakubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha kabla ya kutuma fedha. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika nao waandike vipimo hivyo kwa rangi juu ya kila rimu. Vikundi vya wakulima vyenye magari ya aina moja vinunue rimu ya akiba kwa pamoja, kabla ya msimu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo vya rimu navyo viandikwe humo, leo, gari likiwa bado linatembea.