"Gemu Imeruhusu" Si Hoja

Kuna hukumu moja inayokatiza kila lalamiko katika vyumba vya gemu vya Eldoret, iwe Langas, Huruma au katika hosteli za karibu na kampasi ya Annex, ambako wanafunzi huunganisha vipakatalishi viwili wakapigana vita vya Age of Empires usiku kucha: "Gemu imeruhusu." Aliyemvamia mwenzake kabla hajajenga hata ukuta, gemu imemruhusu. Aliyechagua ramani, kisha akachagua na taifa linaloifaa ramani hiyo, gemu imemruhusu. Anayependekeza kanuni kabla ya mechi huitwa mwoga na kuambiwa akafanye mazoezi. Napinga imani hii waziwazi. Mechi ya haki kati ya watu wawili haitoki kiwandani. Huundwa na wale wawili, kwa mapatano, kabla hawajaanza kucheza.

Wa kwanza kuikana imani hiyo ni watengenezaji wenyewe. Hearthstone, gemu ya kadi iliyotolewa rasmi mwaka 2014, humpa anayetangulia kadi 3, na anayefuata humpa kadi 4 pamoja na Sarafu ya kumwongezea nguvu mara moja, kwa sababu kutangulia ni faida. StarCraft ilitoka mwaka 1998 ikiwa na makabila matatu yasiyofanana: Terran, Zerg na Protoss. Kampuni ya Blizzard iliendelea kurekebisha gharama na nguvu za askari hadi 2001, kisha ikaacha mizani ya Brood War, nyongeza ya gemu hiyo, ilivyo. Hata hivyo ligi za Korea Kusini zilistawi kwa miaka mingi baada ya hapo, na kilichozibeba ni ramani. Kabila moja likizidi kushinda kwenye ramani fulani, waandaaji waliitoa ramani hiyo na kuleta nyingine yenye njia finyu zaidi au madini yaliyopangwa vingine. Watu walioijua gemu ile kuliko wengine wote duniani hawakuridhika na kile ilichoruhusu. Walipima, wakajadiliana, wakaweka kanuni.

Sasa tujitazame. Wengi wetu huchezea nakala za zamani, zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa flashi, ambazo hazijawahi kupokea marekebisho kwa kuwa bando ni ghali. Tukisema "gemu imeruhusu", mara nyingi tunatetea kasoro ambayo aliyeitengeneza gemu alikwisha kuiona na kuifuta.

Wala jambo hili halikuanza na umeme. Pita kwenye baraza za maduka mjini uwaone wazee wa drafti wakisukuma vifuniko vya soda. Kabla kete ya kwanza haijasogea, wageni huulizana: kingi anaruka mbali au anakwenda hatua moja? Anayeacha kula, analazimishwa kula au kete yake inaondolewa? Hakuna anayemcheka muulizaji, maana kila mmoja anajua kwamba drafti ina desturi nyingi. Huko Marekani, mwaka 1934, mabingwa wa mchezo huo walikubali kwamba hatua 3 za kwanza zichaguliwe kwa kura, kisha wachezaji wabadilishane pande, kwa sababu walikuwa wamekariri miingilio mizuri hata mechi zikawa sare tupu. Katika mchezo wa ubao uitwao Go, mwenye mawe meupe hulipwa pointi kwa kuwa mwenye mawe meusi ndiye anayeanza, na Wajapani wameiongeza fidia hiyo hadi pointi 6 na nusu kadiri walivyozidi kuona uzito wa kutangulia. Michezo hii imeishi kwa sababu waliocheza walikuwa na ujasiri wa kuigusa.

Na sisi wa Eldoret, kati ya watu wote, hatuna kisingizio. Katika mbio za mita 400 anayekimbia njia ya 8 husimama takriban mita 53 mbele ya aliye njia ya 1. Asiyejua riadha angeona upendeleo mtupu. Sisi tunajua kwamba kona ya nje ni ndefu, na kwamba kuwapanga wote kwenye mstari mmoja ndiko kungekuwa dhuluma. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 na mita 195 mjini Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, tulisherehekea barabarani. Hata hivyo muda ule hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu mbio zile hazikuwa shindano la wazi na waongoza kasi waliingia kwa zamu. Miguu iliruhusu, lakini kanuni ya rekodi ilikuwa imekwisha kuwekwa, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mji unaoelewa hayo uwanjani unashindwaje kuyaelewa mbele ya skrini?

Wapo wanaotetea imani hii kwa hoja nzito, na hoja nzito nataka kuijibu. Mbunifu wa michezo David Sirlin, Mmarekani, ameandika kwamba mchezaji dhaifu hujitungia makatazo kichwani, kisha humlaumu anayemshinda kwa kutoyafuata. Katika hilo anasema kweli. Kanuni inayozuliwa katikati ya mechi na anayeelekea kushindwa ni wizi. Lakini Sirlin huyohuyo anakubali kwamba mashindano ya Super Street Fighter II Turbo yalifanya vyema kumpiga marufuku Akuma, mhusika aliyewazidi wengine kupita kiasi, na anataka kila katazo liwe bayana, liweze kusimamiwa na liwe na sababu ya kutosha. Hivyo hata wakili mkuu wa kucheza ili kushinda hakatai kanuni. Anakataa kanuni mbovu. "Usishambulie sana" ni kanuni mbovu, kwa maana hakuna awezaye kusema "sana" inaanzia wapi. "Askari asivuke mto kabla ya dakika ya 15" ni kanuni njema. Saa iko kwenye skrini, mto uko kwenye ramani, na kila aliyeketi pale ni shahidi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaodai hawataki kanuni tayari wanazo, na ni za kikatili. Anayeshindwa analipa. Mshindi anabaki kitini. Hizi hazimo ndani ya gemu yoyote. Ni kanuni za nyumba, nazo zinafanya kazi moja: kumfundisha bure anayejua na kumtoza asiyejua. Kijana mwenye shilingi chache hucheza mechi moja na bingwa wa mtaa, anamaliza pesa na kurudi ukutani kutazama. Bingwa anaendelea kunoa mikono kwa pesa za wenzake. Baada ya muhula mmoja tunasema yule ana kipaji na huyu hana. Pengo hilo tumelijenga wenyewe kwa kanuni tuliyokataa kuiita kanuni. Pakiwekwa dau, mambo huharibika zaidi, na stima ikipotea mechi ikiwa katikati ndipo makonde yanapoanza, kwa sababu hakuna aliyesema mapema kama mechi inarudiwa au anayeongoza anahesabiwa mshindi.

Hivyo basi natoa rai kwa wenye vyumba na kwa wachezaji. Kila mmoja alipe nusu. Mshindi abaki kwa mechi mbili, kisha ampishe anayesubiri. Mmoja achague ramani na mwingine achague kwanza taifa, maana anayejua kwamba mwenzake atatangulia kuchagua hawezi kuleta ramani inayofaa taifa moja tu. Mechi ya pili wabadilishane zamu hiyo, wabadilishane na vifaa, kwa kuwa padi ambayo kijiti chake kinavuta chenyewe upande mmoja, au kipakatalishi kisicho na kipanya, humshinda mtu kabla ya adui. Mjuzi akikutana na mwanagenzi, ajipunguzie wafanyakazi mwanzoni. Go humpa mnyonge hadi mawe 9 ubaoni, na hakuna bwana wa Go aliyepungukiwa na heshima kwa hilo. Stima ikipotea, mechi irudiwe, na dau, kama lipo, lirudi mifukoni.

Kanuni hizi ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na yeyote anayetaka kuzibadilisha aseme kabla ya mechi. Vita vya mbinu ni kipimo cha akili kwa akili. Ushindi unaotokana na padi nzima, ramani ya kujichagulia na mfuko mzito haupimi akili ya mtu yeyote. Bingwa wa kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kanuni hizi, kwa sababu bila hizo hawezi kujua kama yeye ni bingwa.