Dirisha la Siri Humficha Nani?

Katika nyumba nyingi simu ni moja na watu ni sita. Baba huishika asubuhi, mama huishika mchana, na jioni watoto hugombana ni nani atakayepewa kwanza. Kila mmoja ana neno lake ambalo hapendi wengine walione, wala si neno baya. Mama anasoma habari za ugonjwa anaouogopa, naye hajapata bado moyo wa kumwambia mumewe. Kijana anatafuta shule ya mbali kabla ya kumwomba baba karo. Baba mwenyewe anatafuta kazi nyingine, lakini hataki jambo hilo lifike masikioni mwa bwana wake. Basi mwanafunzi mmoja mjanja huwafundisha: bonyeza zile nukta tatu za kivinjari, yaani programu tunayofungulia kurasa za intaneti, nawe utapata dirisha jeusi lenye alama ya kofia na miwani. Humo, asema, hakuna anayekuona.

Maneno hayo ni kweli nusu. Juma hili tunataka kusema habari za ile nusu nyingine, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya watu.

Dirisha la siri lafanya kazi gani hasa? Ni kama mtumishi anayefagia nyumba mgeni akiisha kuondoka. Ukilifunga, kivinjari husahau kurasa ulizofungua na maneno uliyoyaandika katika visanduku vya kutafutia. Atakayeishika simu baada yako hataona mahali ulipopita. Kazi hiyo ni njema, na mama yule amefichika kweli machoni pa watoto wake. Lakini mtumishi hufagia nyumba yako tu. Hawezi kufagia nyumba za watu uliokwenda kuwatembelea. Ukurasa ulioufungua umekuona. Kampuni ya simu inayokuuzia mega yaweza kujua ulibisha mlango upi, hata isipojua mliongea nini ndani. Na kama unatumia mtandao wa shule au wa ofisi, mwenye mtandao naye aweza kujua. Kwa hiyo yule baba anayetafuta kazi nyingine kwa mtandao wa ofisi ya bwana wake hajajificha hata kidogo kwa yule anayemwogopa.

Tena kuna mambo ya vibao. Mwaka 1994, fundi mmoja wa kampuni ya Netscape huko Marekani, jina lake Lou Montulli, alitafuta dawa ya usahaulifu wa mashini. Wakati ule duka la intaneti halikuweza kumkumbuka mnunuzi: akitoka ukurasa huu kwenda ule, amekuwa mgeni tena. Montulli akabuni alama ndogo ambayo duka humpa kivinjari akiweke, kusudi mtu akirudi atambulikane. Wenyewe waliipa jina la kuchekesha, kuki, kama biskuti. Sisi tutaiita kibao chenye namba.

Mwuza vitambaa sokoni akikupa kibao ili akukumbuke kesho, ubaya uko wapi? Hakuna. Lakini fikirini kwamba yuko bwana mmoja aliyekodi pembe ndogo katika kila kibanda cha soko. Hauzi kitambaa wala unga. Naye akupa kibao chake, na kila unapopita anaandika: namba 47 alisimama kwa mwuza dawa, akauliza habari za kifua, kisha akaenda kwa mwuza vitabu. Hajui jina lako labda, lakini ajua safari yako yote, kuliko mwuza vitambaa na mwuza dawa wakiungana. Bwana huyo ndiye kampuni ya matangazo, na vibao vyake hukaa ndani ya kurasa zisizo zake. Katika dirisha la siri vibao hutupwa mwishoni, ni kweli. Lakini dirisha likiwa wazi bado, yeye yumo kazini.

Jambo hili lilifika mbele ya mahakama. Kivinjari cha Safari kilikuwa na njia ya siri tangu mwaka 2005, na Chrome ya kampuni ya Google ilizaliwa nayo mwaka 2008. Mwezi wa Juni 2020 watu kadhaa wa Marekani waliishtaki Google katika mahakama ya California. Walisema: sisi tulifungua dirisha la siri, tukaamini kwamba hatuandikwi, kumbe kurasa nyingi zina vyombo vya Google ndani yake, vya kuhesabia wageni na vya kuonyeshea matangazo, navyo viliendelea kukusanya. Walidai dola bilioni 5 kwa uchache. Google ilijibu kwamba haikuvunja ahadi, maana ilikwisha kuandika kwamba kurasa zaweza kumwona mtu. Lakini katika barua zilizotolewa mbele ya mahakama ilionekana kwamba mkuu wa masoko wa kampuni hiyohiyo alimwandikia mkuu wake kwamba njia ile si ya siri kweli, na hivyo maneno ya kuisifia hayana budi kuwa ya kuzungukazunguka. Yaani wao wenyewe walijua.

Mwezi wa Agosti 2023 hakimu alikataa kuifuta kesi. Mwezi wa Desemba pande mbili zilipatana, na mwezi wa Aprili 2024 masharti yakatangazwa: Google iharibu habari zilizokusanywa, mabilioni ya maandiko, iyaeleze mambo wazi zaidi, na kwa miaka 5 dirisha la siri livizuie lenyewe vibao vya wageni. Fedha hawakupewa wale waliowakilishwa katika kesi. Anayetaka fidia ashtaki peke yake. Mwanzoni mwa mwaka huo maneno ya dirisha jeusi yalikuwa yamekwisha kugeuzwa. Zamani yalimwambia mtu kwamba sasa aweza kusoma kwa siri. Mapya yalisema kwamba wengine wanaotumia simu hiyo hawatayaona aliyofanya, lakini namna kurasa na vyombo vyao, hata vya Google, vinavyokusanya habari haibadiliki. Kwa maoni yetu maneno hayo yalistahili kuandikwa siku ya kwanza, mwaka 2008. Iliwapasa watu wangoje miaka 15 na kesi moja!

Hapa wasomaji wengine watauliza: je, tusiviamini vivinjari kabisa? Shida yenyewe ni kubwa kuliko dirisha moja. Mtu hujifunza kwa taabu mahali pa kila kitu katika simu, kama mpishi ajuavyo pa chumvi gizani. Usiku programu inajigeuza, na asubuhi chumvi haipo. Mzee aliyefundishwa na mjukuu wake kubonyeza mahali fulani abonyeza, na kumefunguka jambo lingine. Chrome peke yake ilikuwa ikitoa toleo jipya karibu kila majuma sita, na mwaka 2021 ikaanza kutoa kila majuma manne. Kusumbuka kwa mzee huyo si upumbavu, wala vijana wasimcheke. Na mara nyingine linalohamishwa si kitufe tu, bali ni ile ridhaa mtu aliyoitoa.

Twaeni mfano wa mwezi wa Septemba 2018. Toleo la 69 la Chrome liliingia katika kompyuta za watu likiwa na desturi mpya: ukifungua Gmail yako, kivinjari chenyewe kinaingia pia kwa jina lako, bila kukuuliza. Hapo kwanza mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali, na wengine walikuwa wameyatenga kwa makusudi. Matthew Green, mwalimu wa elimu ya siri za maandishi katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, aliandika kwamba yeye ameachana na Chrome. Google ilieleza kwamba kuingia huko hakupeleki kurasa za mtu kwenye mashini zake mpaka mtu mwenyewe akubali. Green akajibu kwamba kukubali huko sasa kumebaki hatua moja, kidole kikiteleza tu. Makelele yalikuwa mengi, na toleo la 70, mwezi wa Oktoba, likaleta njia ya kuizima desturi ile. Waliolalamika walisikilizwa, lakini asiyezima ameachiwa hivyohivyo.

Hata Firefox, kinachosifiwa kwa kulinda siri, hakikukosa fitina. Mwezi wa Februari 2025 wenyewe, Mozilla, waliiondoa ahadi yao ya kutouza kamwe habari za watu, wakisema kwamba neno kuuza lina maana nyingi katika sheria za nchi mbalimbali. Watu walikasirika, na masharti yakaandikwa upya.

Walakini msifikiri kwamba dawa ni kukataa matoleo mapya. Shauri hilo ni baya. Toleo jipya huziba mashimo ambayo wezi wameyajua tayari, na simu isiyopata matoleo ni nyumba isiyo na komeo. Lipokeeni, lakini baada ya kulipokea fungueni mipangilio, hasa sehemu ya faragha, mkaangalie kama mlichokizima kimebaki kimezimwa. Hiyo ni kazi ya dakika tano, nayo yafaa kufanywa na watu wawili pamoja, mzee na mjukuu.

Nchi yetu ya Congo nayo ina sheria ya mambo hayo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu ya kulinda habari za watu. Ni jambo la kushukuru. Lakini sheria haiwezi kumtetea mtu asiyejua kwamba ameandikwa.

Basi kabla ya kufungua dirisha jeusi jiulize: najificha kwa nani? Kama ni kwa ndugu zako wanaotumia simu hiyo, dirisha litakusaidia. Kama ni kwa bwana wa kazi, usitumie mtandao wake. Kama ni kwa yule bwana wa vibao, uzuie vibao vya wageni katika mipangilio, wala usiingie katika Gmail au Facebook ndani ya dirisha hilohilo, maana ukiingia umekwisha kumtajia jina. Na katika kompyuta ya watu wote huko mjini, toka kwanza katika kila sanduku la barua ulilolifungua, ndipo ufunge dirisha.

Tena neno moja kwa yule kijana wa shule ya mbali. Karatasi ya maombi aliyoishusha katika dirisha la siri haikufagiwa. Imo ndani ya simu, pamoja na picha na nyimbo za jamaa, na baba akifungua sehemu ya mafaili ataikuta.